Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati wa Uingereza: Swali lako la 2013 bado halijajibiwa

Mheshimiwa Ed Miliband,

Nakuandikia kutoka Leicester, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, na koti nimelivaa humu humu ndani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka waanze kuisoma wenzangu wa Afrika Mashariki tunaohangaika na mita hizi. Binti yangu ataitafsiri, nami nitaipeleka kwa mbunge wetu ili ikufikie kwa njia inayokubalika.

Oktoba iliyopita, baridi ilipoanza kung'ata, nilikwenda duka la kona na kadi yangu ya gesi nikaweka pauni 20. Mita yetu ni ya kulipia kabla. Mtanzania hahitaji maelezo, ni luku. Tangu Mei hatukuwa tumewasha boila hata siku moja. Maji ya kuoga tunapasha kwa umeme, jiko ni la umeme, gesi kazi yake ni kutia nyumba joto tu. Nilichomeka kadi, nikangoja, nikabonyeza. Kile kioo kidogo cha mita kikaandika kwamba bado nadaiwa. Pauni 20 zote zilikuwa zimemezwa na ada ya kila siku, ambayo ilikuwa ikijilimbikiza kiangazi kizima, karibu peni 30 kila uchao, utumie gesi usitumie. Nikarudi dukani, nikaweka 20 nyingine. Nazo zikaenda. Mara ya tatu ndipo boila ikaunguruma, na kwenye mita zikawa zimebaki pauni kumi na kidogo. Wanangu walikuwa wamekaa ngazini na blanketi, wananiangalia ninavyopanda na kushuka.

Nilipiga simu kwa kampuni. Dada aliyepokea alikuwa mpole, akanieleza kuwa ada hiyo ni ya mabomba, nyaya, mita na huduma. Nilimwelewa. Mabomba yana gharama, na mtu wa simu hakupanga bei. Waliopanga namna ya kugawana gharama hiyo ni watu wa ngazi yako, ndiyo maana barua hii inakuja kwako.

Na wewe, Mheshimiwa, swali hili unalijua kuliko wengi. Septemba 2013, ukiwa kiongozi wa upinzani, ulisimama mbele ya mkutano mkuu wa Labour kule Brighton ukaahidi kwamba mkishinda uchaguzi mtazizuia bei za gesi na umeme kwa miezi 20. Ukaingia nalo bungeni, ukambana Waziri Mkuu wa wakati ule, David Cameron, kwenye maswali ya Jumatano, wiki baada ya wiki, ukidai aeleze kwa nini bili za familia zinazidi kupanda. Walikukejeli, na uchaguzi wa 2015 mkashindwa. Lakini swali halikushindwa. Mwaka 2018 serikali ya chama kilekile kilichokukejeli ilipitisha sheria ya ukomo wa bei, na Januari 2019 ukomo huo ukaanza kufanya kazi chini ya mdhibiti, Ofgem. Uliuliza ukiwa huna madaraka, na wenye madaraka wakalazimika kuanza kujibu.

Jambo kama hilo limetokea tena, safari hii mkiwa nyinyi ndio mnaoulizwa. Julai 2024, wiki chache tu baada ya kuingia madarakani, serikali yenu ilitangaza kuwaondolea wastaafu wengi posho ya joto la majira ya baridi, ile ya pauni 200 au 300 iliyoanza 1997. Watu kama milioni 10 waliikosa. Tarehe 10 Septemba upinzani ulipeleka hoja ya kuubatilisha uamuzi huo, ikaangushwa kwa kura 348 dhidi ya 228.

Jirani yangu wa chini ni bibi wa Kiingereza, mjane, ana miaka 81. Pensheni yake ilizidi kiwango cha kusaidiwa kwa pauni chache za wiki, basi akakatwa. Baridi ile alifunga chumba cha kulala, akahamia kwenye kiti cha sebuleni na chupa yake ya maji ya moto. Mchana alikuwa anakwenda maktaba na kukaa hadi wanafunga. Niligundua kwamba hakuwa akisoma nilipomwona na kitabu kilekile wiki ya tatu. Nilikuwa nikimpelekea supu, naye kila mara ananirudishia bakuli likiwa limeoshwa na ndani yake ameweka biskuti mbili, kwa sababu hataki kupokea bure.

Watu waliendelea kuuliza kuhusu posho hiyo. Wapinzani waliuliza, wabunge wenu wa viti vya nyuma wakauliza, na wapiga kura wakauliza kwa namna yao katika uchaguzi wa mitaa wa Mei 2025. Juni mkatangaza kuirudisha posho kwa kila mstaafu ambaye kipato chake hakizidi pauni 35,000 kwa mwaka. Nasema kwa moyo safi kwamba mlifanya vizuri. Aliyekosea akarudi nyuma ni muungwana, na bibi wa chini analala kitandani mwake tena.

Sasa anayekukalia kooni bungeni ni waziri kivuli Claire Coutinho. Anataka kujua ziko wapi pauni 300 ambazo kampeni yenu ya 2024 ilisema zitapungua kwenye bili. Yeye mwenyewe alikalia kiti chako hadi Julai 2024, na bili alizotuachia hazikuwa ndogo. Najua hilo, na najua vita ya Ukraine ilivyopandisha gesi kabla yenu. Lakini swali la haki haliharibiki kwa sababu ya mdomo unaoliuliza. Robo ya mwaka mliyoingia madarakani, ukomo ulikuwa pauni 1,568 kwa mwaka kwa kaya ya matumizi ya kawaida. Januari 2026 ukawa 1,758. Jibu lenu ni kwamba ahadi ilikuwa ya kufikia 2030. Mheshimiwa, mita yangu hudai kila siku saa sita za usiku. Haijui habari za 2030.

Sikatai yaliyofanyika. Bajeti ya Novemba 2025 iliahidi nafuu ya wastani wa pauni 150 kuanzia Aprili 2026, kwa kufuta mpango mmoja uliokuwa ukilipiwa kupitia bili na kuhamishia sehemu kubwa ya gharama za mitambo ya umeme jadidifu kwenye kodi ya taifa. Ahsante kwa hilo. Ila tazama nafuu hiyo inaangukia wapi. Sehemu yake kubwa iko kwenye uniti za umeme. Anayepasha nyumba kwa gesi huipata kidogo, na ile ada ya kila siku nafuu hiyo haiigusi.

Na ada hiyo mliitaja wenyewe. Ilani yenu ya 2024 ilisema mtashirikiana na mdhibiti kupunguza mzigo wake. Kilichopendekezwa na Ofgem mwaka 2025 ni kwamba kampuni zitoe angalau mpango mmoja wenye ada ndogo, na kinachopungua huko kiongezwe kwenye bei ya uniti. Huko ni kuutoa mzigo begani na kuupandisha kichwani. Mgonjwa anayetegemea mashine ya kupumulia usiku kucha, anayetumia umeme mwingi bila hiari yake, ndiye atakayeumia. Siombi nipunguziwe mimi ili yeye aongezewe.

Ninachoomba ni kwamba njia mliyoipita Novemba muipite tena. Kama gharama ya mitambo imeweza kuhamia kwenye kodi, ambako mwenye nacho hulipa zaidi, basi sehemu ya gharama ya mabomba na nyaya inaweza pia. Kwetu Tanzania umeme una matatizo yake, na kukatika kwake kila mtu anakujua, lakini mwaka 2016 ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi iliondolewa kwa wateja wa kawaida. Tangu hapo usiponunua umeme hudaiwi ada ya huduma.

Kabla hata ya hapo, kuna jambo dogo lisilohitaji kungoja bajeti: mita ya kulipia kabla isiruhusiwe kumlimbikizia mtu ada ya miezi ambayo hakuwasha kitu, kisha ikaikata yote siku ya kwanza ya baridi. Igawanywe, au isamehewe. Simama bungeni useme ni lini, utaje mwezi, kama ulivyomtaka Cameron aseme.

Kadi yangu ya gesi iko juu ya friji. Tumekubaliana nyumbani kwamba kiangazi kijacho, kila mwisho wa mwezi, tutaitia pauni 10 bila kuwasha boila, ili Oktoba isitukute tena ngazini.

Wako kwa heshima,
Mama mpangaji, Leicester