Masharti Yaanze kwa Mwenyeji

Tangazo la nafasi ya kujitolea nchini Kenya huwa refu upande mmoja tu. Kijana hutakiwa awe na shahada au diploma, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, PIN ya KRA, barua ya chuo na, katika taasisi nyingi za umma, bima ya ajali aliyojikatia kwa pesa zake mwenyewe. Atafika kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, siku tano kwa wiki, kwa miezi sita au mwaka mzima. Ukitafuta yale ambayo shirika nalo litamfanyia, utakuta mstari mmoja: nafasi hii haina mshahara wala haiahidi ajira. Hoja ya toleo hili ni kwamba tangazo hilo limeshikwa kichwa chini miguu juu. Anayetoa siku yake yote, wiki baada ya wiki, amekwisha kutoa dhamana kubwa kuliko cheti chochote. Wa kuwekewa masharti kwanza ni shirika linalompokea.

Hapa Karen, Nairobi, jambo hili linaonekana kwa karibu. Nyuma ya ua wa kayaba kuna makao ya watoto, zahanati, shule, vituo vya wanyama na ofisi za mashirika ambayo kazi yao iko Kibera, Turkana au ng'ambo ya mpaka. Shirika la namna hiyo laweza kuwa na vijana wawili wa kujitolea katika chumba kimoja. Mmoja ni Mjerumani aliyemaliza shule mwaka jana na kuja kwa mpango wa weltwärts, ambao serikali yao iliuanzisha mwaka 2008. Ana bima, chumba, chakula, pesa kidogo za mfukoni, mtu wa kumwongoza, na siku 25 za semina katika mwaka wake wa huduma. Mwenzake ni mhitimu wa Kenya anayetoka Ongata Rongai: hupanda matatu hadi Galleria, akabadilisha ya Karen, na jioni akarudi hivyo hivyo. Tukikadiria nauli kuwa shilingi 200 kwa siku, siku 22 za kazi zinamgharimu shilingi 4,400 kwa mwezi, naye bado hajala mchana. Tofauti kati yao haitokani na ukarimu wa shirika wala uwezo wake. Inatokana na kwamba aliyemtuma wa kwanza aliweka kanuni, na wa pili hakutumwa na mtu. Mashirika yetu, kwa maneno mengine, yanajua vizuri namna ya kumpokea anayejitolea. Huonyesha ujuzi huo pale mfadhili wa nje anapoudai.

Dola yetu nayo inaujua wajibu huo tangu zamani. Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ilipoundwa mwaka 1964, vijana walitumwa kujenga barabara na kulima mashamba, na serikali ikawapa malazi, chakula, sare, posho na mafunzo ya ufundi. Kati ya 1984 na 1990, waliokuwa wakisubiri kuingia chuo kikuu walipitishwa kwanza katika mafunzo hayo. Wengi waliyalalamikia, lakini hakuna aliyeambiwa ajitafutie kitanda. Mpango wa G-United ulipoanza mwaka 2014 kuwapeleka wahitimu katika kaunti zisizo zao, wawasaidie wanafunzi wa shule za msingi waliobaki nyuma katika kusoma, wahitimu hao walitafutiwa familia za kuishi nazo. Huduma ilipohama kutoka mikono ya serikali kwenda kwa mashirika na taasisi moja moja, kazi ilihama nayo, ila wajibu wa mwenyeji ukasahaulika njiani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema aje na jembe lake, alime, kisha alale na njaa.

Sheria imeacha pengo hapo hapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamhesabu mwanagenzi wa mkataba kuwa mwajiriwa, na sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka huo huo inafanya vivyo hivyo. Anayejitolea hatajwi katika tafsiri hizo. Kijana anayejifunza uchomeleaji kwa mkataba wa uanagenzi akiungua ana pa kushika. Mhitimu anayeanguka kutoka kwenye ngazi akipanga dawa za msaada stoo anategemea huruma ya mwenye stoo. Ni kweli kwamba Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na Ibara ya 55 inaitaka dola iwalinde vijana dhidi ya unyonyaji. Lakini hakuna kijana aliyewahi kuipeleka Katiba kwa mhasibu akarudishiwa nauli. Haki ya namna hiyo huhitaji kanuni inayosema nani alipe nini, na lini.

Pasipo kanuni, huduma hugeuka kuwa njia ya kupunguza mishahara. Kisa cha walimu tarajali kinatosha kutufundisha. Tume ya Huduma za Walimu ilijaza madarasa ya sekondari msingi kwa walimu waliofuzu na kusajiliwa, ikawalipa shilingi 20,000 kwa mwezi; wenzao wa shule za msingi walipata 15,000, wakati kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilikuwa shilingi 15,201. Aprili 2024, Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba tume hiyo haina mamlaka ya kuwachukua walimu kwa mtindo huo. Januari 2025, walimu wapatao 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu. Hawakuitwa watu wa kujitolea, lakini swali ni lile lile: kazi inayofanyika kila siku, ambayo bila hiyo darasa halina mwalimu, inakuwaje huduma ya muda? Marekani ililijibu mapema. Sheria inayoongoza AmeriCorps, mpango wao wa huduma kwa jamii, inakataza shirika kumtumia anayejitolea kuchukua nafasi ya mfanyakazi wa mshahara. Ujerumani, ilipoanzisha huduma ya hiari ya taifa mwaka 2011 baada ya kusimamisha jeshi la lazima, iliweka sharti kwamba huduma hiyo isiathiri soko la ajira.

Tunapendekeza kanuni tano, zote za kumfunga mwenyeji. Ya kwanza, kazi iandikwe, iwe na mwanzo na mwisho, na isiwe ya cheo ambacho shirika limekiacha wazi au kukifuta katika mwaka uliotangulia. Ya pili, nauli, chakula cha mchana na bima ya ajali vilipwe na mwenyeji kuanzia siku ya kwanza. Ya tatu, kila kijana awe na msimamizi anayetajwa kwa jina, mwenye muda uliotengwa kila wiki wa kumfundisha. Kumwachia kijana rundo la faili na nenosiri la kompyuta si mafunzo. Ya nne inahusu watoto. Mwaka 2016, mahakama ya Oklahoma ilimhukumu kijana wa Marekani kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa makao aliyokuja kujitolea nchini Kenya. Kwa hiyo mwenyeji amchunguze kila anayejitolea, Mkenya au mgeni, na asimruhusu kamwe kubaki peke yake na mtoto. Ya tano, saa za huduma zisitumike kwa kampeni za siasa wala kuhubiri dini. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, vijana waliopo ofisini bila mshahara ndio watakaokuwa wepesi kuvalishwa fulana za mgombea.

Pingamizi la kwanza tunalolisikia ni la umaskini: mashirika madogo hayana pesa, na kanuni zitaua moyo wa harambee. Lakini kanuni hizi zinamhusu anayetoa siku nzima, mwezi mzima. Jirani anayekuja Jumamosi kufundisha hesabu, au muuguzi mstaafu anayesaidia zahanati asubuhi mbili kwa wiki, haguswi. Harambee nayo kamwe haikudai siku nzima kwa mwezi mzima. Kila mtu alitoa alichonacho kisha akarudi kwenye shamba lake au duka lake, hakuombwa aache riziki yake mwaka mzima. Shirika lisiloweza kumlipia kijana mmoja nauli lisichukue watano.

Pingamizi la pili ni kwamba vijana wenyewe wamekubali, na afadhali kitu kuliko kukaa bure. Mwenye kusema hivi atazame ni nani anayeweza kukubali. Kijana anayelipiwa nauli na chakula na wazazi wake atamaliza mwaka na kuondoka na barua ya sifa. Yule ambaye nyumbani wanamtegemea ataacha mwezi wa pili. Barua hiyo ndiyo itakayodaiwa kwenye usaili unaofuata. Nafasi isiyolipa nauli, basi, inachuja waombaji kwa mfuko wa mzazi, halafu matokeo yanaitwa uzoefu wa kazi.

La tatu lina uzito zaidi: ukishaanza kulipa, si kujitolea tena, na posho itakuwa kisingizio cha kulipa mshahara duni. Hatari hiyo ipo kweli. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, wako katikati ya mjadala huo huo. Dawa yake ni kanuni ya kwanza na ya pili kusimama pamoja. Kumrudishia mtu gharama hakumfanyi mwajiriwa. Lakini kazi ikiwa ni ile ambayo shirika haliwezi kufunguka bila hiyo, basi ni ajira, na posho haitoshi hata ikiongezwa. Kila mkurugenzi anaweza kujipima leo: vijana wote wa kujitolea wakiondoka kesho, shirika litapungukiwa na msaada au litafunga milango? Anayejibu kwamba litafunga ana waajiriwa asiowalipa.

Wa kuanza kutekeleza wapo. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, ilileta mamlaka mpya ya kuyasajili na kuyasimamia mashirika haya. Mamlaka hiyo inaweza kudai ukurasa mmoja katika ripoti ya kila mwaka: shirika lilikuwa na vijana wangapi wa muda wote, walifanya kazi gani, nani aliwasimamia, bima yao ililipwa na nani, na ni vyeo vipi vya mshahara vilivyoachwa wazi wakati huo. Wizara na kaunti zijaze ukurasa huo huo, maana zinapokea vijana wengi. Waandishi wa makala zinazofuata hawakubaliani kuhusu kiwango cha posho, wala kuhusu kama huduma ya taifa iwe ya lazima. Mijadala hiyo iendelee. Ukurasa huo mmoja hauhitaji kuisubiri, na mashirika ya Karen yanaweza kuujaza mwaka huu bila kulazimishwa na mtu.