Kijana, Usikubali Kupimiwa



Swali moja limetuandama tangu harufu ya kampeni ianze kusikika: "Padre, tumchague nani awe Rais?" Wanaouliza ni vijana, na wengi wao hawajawahi kutia kura debeni. Tujibu upesi: hatutawatajia jina. Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa kwa kawaida inamkataza padre kushika nafasi hai katika vyama vya siasa. Hata kama isingemkataza, kura ni mali ya mwenye kura. Lakini kulinyamazia jina la mgombea ni jambo moja, na kunyamazia namna ya kumpima ni jambo jingine. Hilo la pili hatuna ruhusa ya kulinyamazia.

Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Uchaguzi Mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na unaokuja ni ule wa Agosti 2027. Wanasiasa hawaingoji tarehe. Wamekwisha kutandaza bidhaa zao, nao wahenga walituonya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama mwenye busara anunuapo mahindi sokoni hutazama mahindi, kisha hutazama na mizani, maana wapo wachuuzi wenye kukandamiza mizani kwa kidole. Leo tunataka kuviumbua vidole hivyo. Tumevihesabu vinne.

Mizani ya kwanza ni ile ya "mtu wetu". Hii hupima jina la ukoo, lafudhi, na mlima au ziwa alikotoka mgombea. Kijana huambiwa kwamba asipompigia mtu wetu amewasaliti mababu. Tuwatendee haki wasemao hivyo, kwa sababu hofu yao ina historia. Kwa miaka mingi barabara, nyadhifa na mikopo zilimfuata aliyekaa Ikulu, na walioshindwa wakabaki kutazama. Lakini dawa wanayoitoa ndiyo ugonjwa wenyewe. Ikiwa kila jamii inatafuta mtu wa kwenda Ikulu kuigawia yenyewe, basi daima wachache watakula na wengi watalala njaa, wakiisubiri zamu ambayo pengine haitafika. Na hao wa zamu, je, walishiba? Nendeni katika maeneo yaliyowahi kuwatoa marais, mkawatazame vijana wanaoshinda barazani bila kazi. Walioshiba ni jamaa wachache waliojua mlango wa nyuma. Wengine waliambulia wimbo tu.

Katiba iliuona mtego huu. Ndiyo maana inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47, yaani kaunti 24 au zaidi. Hakuna kabila lenye kaunti 24. Tena Katiba inaagiza kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, ili zahanati ya kijijini isitegemee ujomba wa Rais. Anayekuambia kwamba usipomchagua mtu wetu hutaona dawa, ama haijui Katiba, ama anaijua na anakudanganya.

Na tusisahau mizani hii ilitufikisha wapi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha, na mamia ya maelfu walihama makwao. Tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa moto humo humo, akina mama na watoto wakiwamo. Mtoto aliyezaliwa kambini mwezi ule atakuwa na umri wa miaka 19 Agosti 2027. Atakuja kupiga kura. Je, tutamkabidhi mizani ile ile iliyomzalisha mama yake chini ya turubai? Wakubwa waliogombana wakati ule walikuja kuketi katika serikali moja. Vijana waliowapigania wengine wamelala makaburini. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mizani ya pili ni ya bahasha. Hii inajulikana kwa kila mtu: shilingi 200, pakiti ya unga, fulana, kofia, leso, mafuta ya bodaboda. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu, nasi tumemcheka tangu katekesi. Basi tufanye hesabu. Miaka mitano ina siku 1,826. Shilingi 200 ukizigawa kwa siku hizo, unapata senti 11 kwa siku. Esau angalau alishiba jioni ile.

Wapo vijana wajanja wanaotujibu: "Padre, tunakula kwao, kura tunampa tumtakaye." Werevu huu hatuukubali. Ni kweli kwamba ahadi ya kutenda ovu haimfungi mtu, na aliyekwisha kupokea hadaiwi kura na yeyote. Lakini kupokea kwenyewe ni kushiriki katika biashara ya haramu, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamhesabu mpokeaji kuwa mkosaji pamoja na mtoaji. Zaidi ya hayo, jiulize fedha zile zimetoka wapi na zitarudije. Hakuna mfanyabiashara anayetupa mtaji wake mtoni. Atakayekununua leo atakuuza kesho, na bei ataipanga mwenyewe.

Mizani ya tatu inatuuma zaidi, kwa kuwa imefichwa ndani ya nyumba ya Mungu. Ni ile isemayo: "Mungu amekwisha kumchagua." Kila msimu wa uchaguzi wanatokea manabii wenye maono, na maono hayo kwa ajabu humwangukia mgombea mwenye mfuko mzito. Kijana mchaji anaogopa: nani ampinge mpakwa mafuta wa Bwana? Ndugu zetu, someni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16. Samweli alikuwa nabii wa kweli, si wa kukodiwa. Alipofika nyumbani kwa Yese akamwona Eliabu, mrefu na mwenye sura ya kupendeza, akadhani ndiye. Mungu akamsahihisha papo hapo, kwamba Yeye hatazami umbo bali moyo. Ikiwa nabii wa kweli alielekea kudanganywa na kimo, je, hawa wa helikopta na bahasha?

Rais wa Kenya hapakwi mafuta, anaajiriwa. Ibara ya kwanza kabisa ya Katiba inatamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na viongozi wanayashika kwa niaba yao. Maaskofu wetu Katoliki walitangaza Septemba 2021 kwamba wanasiasa wasiigeuze Misa kuwa jukwaa lao. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais alikuwa amezitoa katika parokia moja ya jimbo hilo. Wako waumini walionung'unika: "Nyumba ya mapadre itajengwa na nani sasa?" Itajengwa na shilingi kumi za mjane, na itadumu. Kanisa linalopokea magunia ya mwanasiasa siku ya Dominika litapata wapi sauti ya kumkemea siku ya Jumatatu?

Mizani ya nne ndiyo inayowapendeza vijana wasomi: "Wote ni wale wale, siendi kupiga kura." Wasemao hivi si wavivu wote. Wengi wameumizwa. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Makumi waliuawa katika maandamano ya majuma yale. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Damu ile haipimiki, nasi tunaiombea. Lakini kutoka humo tujifunze jambo moja. Barabara inaweza kuuondoa mswada. Haiwezi kumweka mtu mwadilifu katika kiti. Kazi hiyo hufanywa na debe.

Mnasema kura moja si kitu? Mwaka 2022 wagombea wa urais walikuwa wanne. Wa kwanza alitangazwa kupata kura 7,176,141, na wa pili 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Zigawanyeni kwa vituo vya kupigia kura, vilivyokuwa 46,229: tofauti ni kura tano tu kwa kila kituo. Watano! Hao ni vijana wa benchi moja la kwaya. Na walioandikishwa wasiende kupiga kura walikuwa zaidi ya milioni saba. Hatusemi haya kumpendelea aliyeshinda wala aliyeshindwa. Tunasema kwamba waliokaa nyumbani ndio waliokuwa chama kikubwa kuliko vyote viwili, na chama hicho hakikupata hata waziri mmoja.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, kinatupa mfano wa Yothamu. Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, kila mmoja ukisema una kazi zake. Mwisho mti wa miiba ukakubali, ukaialika miti yote ije ipumzike kivulini mwake, la sivyo moto utoke uiteketeze. Miiba haikunyakua kiti kwa nguvu. Ilikikuta wazi. Na wahenga wanaongeza: mchagua jembe si mkulima. Anayesubiri mgombea asiye na doa hata moja atasubiri hadi shamba liote magugu, maana asiye na doa alikwisha kuja, nasi tukampigia kura Baraba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inautaja wajibu wa kupiga kura pamoja na ule wa kulipa kodi na wa kuilinda nchi. Basi kukaa nyumbani kwa kujivuna si utakatifu.

Tukishazitupa mizani hizo nne, tupime kwa ipi? Yethro, mkwe wa Musa, katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, alimshauri Musa awatafute watu wenye uwezo, wenye kumcha Mungu, wa kweli, na wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Mawe manne ya mizani, na yanatosha.

Uwezo: Rais huteua mawaziri kwa idhini ya Bunge la Kitaifa, hutia sahihi sheria au huzirudisha bungeni, ndiye amiri jeshi mkuu. Akikuahidi chekechea na zahanati, mwambie hizo ni kazi za kaunti, na umwulize kuhusu kazi yake. Akiahidi jambo kubwa, mwulize maswali mawili: fedha zitatoka wapi, na nani atalipa kodi hiyo? Debe tupu haliachi kuvuma.

Uchaji wa Mungu: usiupime kwa magoti yaliyopigwa mbele ya kamera. Upime kwa namna anavyomtendea asiyeweza kumlipa: mjane, mfungwa, mkimbizi, mtoto aliye bado tumboni, maskini wa mabanda anayebomolewa kibanda usiku.

Ukweli: tafuta alichosema miaka mitano iliyopita, ukiweke kando ya anachosema leo. Simu iliyo mkononi mwako inaweza kukuonyesha yote mawili. Mtu anaweza kubadili mawazo kwa sababu njema, lakini na aieleze sababu hiyo. Anayebadilika kila anapobadilisha mji unaomsikiliza, huyo hajabadili mawazo, hana mawazo.

Kuchukia mapato ya udhalimu: mshahara wa mtumishi wa umma unajulikana. Anayegawa katika mkutano mmoja fedha zinazozidi mshahara wake wa mwaka, na akuonyeshe shamba lake linalozaa namna hiyo. Usione aibu kuuliza. Anayeomba kazi ndiye anayehojiwa, na anayetoa kazi ndiye anayehoji.

Juu ya hayo manne tunaweka onyo moja. Mgombea anayekuhitaji umchukie jirani yako ndipo yeye ashinde, mwondoe mezani kabla hujampima kwa lolote. Hata akiwa na uwezo, uwezo huo utatumika dhidi ya mtu, na ipo siku mtu huyo atakuwa wewe.

Basi vijana, fanyeni kazi hii mapema. Jiandikisheni. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo someni manifesto za wagombea kama mnavyosoma masomo ya Dominika, mkibishana kwa adabu, wazee kwa vijana. Mzee akikushauri, msikilize kwa heshima, maana ameona mengi. Kisha uingie kituoni peke yako. Pale hakuna baba, hakuna mzee wa mtaa, hakuna padre. Upo wewe, karatasi yako na Mungu akuonaye. Kura ni ya siri ili dhamiri yako iwe huru.

Na akishaapishwa yule mliyemchagua, msimwabudu. Mhesabieni ahadi zake, mwombeeni, mkemeeni. Mtumishi ni wenu, na mizani ibaki mikononi mwenu miaka yote mitano.