Katoto: Mashine ipangwe, wakimbizi wasingojee bure

Mtoto asipoandikishwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe, sheria ya Kongo inataka mzazi apitie tribinali, na ombi liandikwe. Kwa familia zilizokimbia vita na kufika Katoto, hapa Kamina, ombi hilo huanzia kwa mwenye kompyuta. Jenereta inakula mafuta, mama amesimama na mtoto mgongoni, lakini mwenye mashine bado anatafuta programu ya kuandikia kati ya alama zilizojaa kwenye ekrani. Si haki: mafuta hayo mwishowe yanatoka mfukoni mwa mama huyo.

Dawa yake haina bei. Kwenye Windows, programu ya kuandikia ibandikwe ya kwanza kwenye mstari wa chini wa ekrani, ya kuskani iwe ya pili. Kitufe cha Windows pamoja na 1 kinafungua ya kwanza; pamoja na 2, ya pili. Kwa nyingine, bonyeza kitufe hicho, andika herufi za kwanza za jina lake, kisha Enter. Alama zisizotumika ziondolewe.

Wenye mashine wa Katoto, pangeni leo. Umeme ukikatika, anayerudi bila karatasi ni mkimbizi.