Mafundi Bomba wa Mwaka 1962

Kwa kinyozi wangu kuna televisheni moja, viti vitatu na ubishi usiokwisha. Jumamosi moja ilikuwa zamu ya mpira wa kikapu. Kijana aliyekuwa amenyolewa ndevu upande mmoja alinisogezea simu yake: "Mzee, hebu ona mwenyewe. Huyu ndiye mnayemwita gwiji?" Kwenye kioo chenye ufa alikuwa Bob Cousy wa Boston Celtics, picha isiyo na rangi, inarukaruka, jamaa anadunda mpira kwa mkono wa kulia, tena wa kulia, tena wa kulia. "Huyu namnyang'anya mpira nikiwa na kandambili," akasema. Saluni nzima ikacheka. Nikacheka na mimi, maana utani ulikuwa mzuri. Kisha nikamwomba airudishe video nyuma, safari hii atazame mkono badala ya mpira.

Mkono wa Cousy uko juu ya mpira, kila mdundo. Haushuki ubavuni, hauingii chini. Enzi zake kiganja kikiteleza kidogo tu chini ya mpira, filimbi inalia na mpira unakwenda kwa wapinzani. Leo mchezaji anaupakata mpira, anausimamisha hewani, anamyumbisha beki, kisha anaendelea na safari yake huku mwamuzi akitazama. Zile chenga za kuangusha watu tunazorushiana kwenye simu usiku kucha, nyingi zake Cousy angepulizwa kabla hajamaliza hatua ya pili. Kijana alikuwa anamcheka mtu kwa kutii sheria.

Imani aliyokuja nayo si yake peke yake. Ni kwamba mchezaji wa leo ni bora kuliko wa jana kwa kuwa ni wa leo, na kwamba nyota wa miaka ya 1950 na 1960 walijizolea sifa kwa kuwaonea watu wasiojua mchezo. Mwaka 2022 JJ Redick, mchezaji mstaafu aliyekuwa mchambuzi wa televisheni, alilisema hilo hadharani: Cousy, kwa madai yake, alikuwa akikabwa na mafundi bomba na wazima moto. Cousy, wakati huo ana miaka 93, alijibu kwa kejeli kwamba basi miongoni mwa mafundi hao walikuwamo Bill Russell, mwenzake wa Celtics, na mpinzani wao Wilt Chamberlain. Miaka miwili baadaye Redick akakabidhiwa kuinoa Los Angeles Lakers, kwa hiyo msidhani haya ni maneno ya kijiweni tu.

Tuanze na hao mafundi bomba. Ni kweli wachezaji wengi wa enzi zile walitafuta kibarua msimu ukiisha. Mshahara haukufika mwisho wa mwaka, kwa hiyo wapo waliouza bima na wapo waliofundisha watoto kambini. Hiyo inatueleza habari za mishahara, na kuhusu vipaji haituelezi kitu. Hapa kwetu Reli ya Morogoro ilikuwa timu ya shirika la reli, na jina lake la utani lilikuwa Kiboko ya Vigogo. Sijapata kumsikia shabiki wa Simba au Yanga wa rika langu akijitetea kwamba walifungwa na makarani wa stesheni.

Halafu hesabu. Msimu wa 1961-62 NBA ilikuwa na timu 9, yaani ajira mia moja hivi kwa Marekani nzima. Leo timu ni 30, na kila moja ina nafasi 15 za mkataba wa kawaida. Mchezaji wa 300 kwa ubora leo ana nyumba nzuri na mlinzi getini. Mwaka 1962 hata wa 150 angekuwa nyumbani, pengine kweli akiziba mabomba. Na kwa kuwa timu zilikuwa chache, wakubwa walikutana mpaka wakachokana. Russell na Chamberlain walipambana zaidi ya mara 140 ndani ya misimu 10. Ukikutana na mtu yuleyule mara zote hizo, hakuna ujanja unaobaki siri.

Hapa mpinzani wangu ana hoja moja nzito, nami simnyimi. Klabu nyingi za wakati ule zilikuwa na kikomo kisichoandikwa cha wachezaji weusi. Ligi inayowafungia watu mlango kwa rangi ya ngozi haina ushindani kamili. Lakini anayeitumia hoja hiyo kumpunguza Russell ameishika kwa upande wa makali. Oktoba 1961, huko Lexington, Kentucky, mkahawa wa hoteli ulikataa kuwahudumia wachezaji weusi wa Celtics waliokuja kucheza mechi ya maonyesho. Russell na wenzake walifunga mizigo wakaondoka bila kucheza. Msimu huohuo walitwaa ubingwa.

Kinachonikera hasa ni ile mashine ya wakati. Mabishano haya yote yanaiendesha, na siku zote inakwenda upande mmoja. Kila mara ni Russell anayeletwa kwetu, anashushwa katikati ya uwanja wa leo na raba zake za turubai, kisha anaambiwa amkabe Stephen Curry mita tisa kutoka kwenye kikapu. Akishindwa, tunapiga makofi: si tulisema? Mbona hakuna anayempandisha Curry akampeleka 1962?

Basi mimi nimpeleke. Akifika tu anakuta sakafuni hakuna mstari wa pointi tatu. NBA iliuchora msimu wa 1979-80. Mtupo wake wa mita tisa sasa una thamani ya pointi mbili, sawa na wa mtu aliyesimama chini ya kikapu, na kocha wake wa 1962, ambaye si mjinga, atamkalisha benchi akirudia ule upuuzi. Mvue raba zenye sponji, mpe turubai. Kumbuka kifundo chake cha mguu kilifanyiwa upasuaji mwaka 2011 na tena mwaka 2012. Kwa tiba ya miaka ile huenda leo angekuwa anakumbukwa mtaani kwao tu, yule kijana aliyekuwa na mkono mzuri, maskini. Mnyang'anye pia ndege ya kukodi yenye viti vya kulala. Januari 1960 ndege ya Lakers iliishiwa umeme ndani ya dhoruba ya theluji ikatua kwenye shamba la mahindi huko Carroll, Iowa. Wote walitoka salama, na msimu ukaendelea.

Curry ni mtupaji bora niliyepata kumwona, na kwa ajili yake nimeamka saa tisa usiku mara nyingi kuliko ninavyoweza kumkiri mke wangu. Ninachodai ni haki kwenye usafiri. Ukimpeleka mtu enzi nyingine, ama umpe muda wa kukulia huko, ale chakula chao na kufundishwa na makocha wao, ama usimpeleke kabisa. Russell aliyezaliwa mwaka 2000 angefundishwa kutupa tangu ana miaka minane. Na alikuwa mruka juu hodari alipokuwa chuo. Hilo halikuhitaji video.

Tuje kwa Chamberlain, kwa kuwa yeye ndiye anayetukanwa kuliko wote. Msimu ule wa 1961-62 alifunga wastani wa pointi 50.4 na kuchukua ribaundi 25.7 kwa mechi. Alicheza wastani wa dakika 48.5. Soma tena hiyo namba: mechi yenyewe ina dakika 48. Nusu dakika iliyozidi inatokana na muda wa nyongeza, maana karibu hakukalishwa benchi msimu mzima. Mwaka 2023 ligi ya leo, yenye madaktari na wapishi wake, ililazimika kuweka sharti kwamba mtu asifikiriwe kwa tuzo kubwa mpaka acheze walau mechi 65 kati ya 82, kwa sababu nyota walikuwa wakipumzishwa mno.

"Lakini alikuwa mrefu kuliko wote, alikuwa anaokota tu," kijana alisema. Sawa. Mwaka 1964 ligi iliipanua ile sehemu iliyopakwa rangi mbele ya kikapu kutoka futi 12 hadi 16, ili kumsogeza mbali yeye na wenziwe. Mwaka 1967 mpira wa vyuo ulipiga marufuku kudanki wakati Kareem Abdul-Jabbar, enzi hizo akiitwa Lew Alcindor, akiwatesa watu pale UCLA. Marufuku ilidumu hadi 1976. Urefu peke yake haubadilishi vitabu vya sheria. Warefu walikuwapo kabla yao na wamekuja baada yao, na rula hazikutolewa kabatini kwa ajili ya wengi wao.

Nikizungumzia urefu siwezi kumruka Hasheem Thabeet wetu. Mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 kwenye drafti, Curry akachaguliwa wa 7. Leo watu wanacheka, na wanaocheka wanasahau kwamba siku ile senta mrefu anayezuia mitupo alikuwa dhahabu, na kijana mwembamba wa kutupa kutoka mbali alikuwa kamari. Kisha mchezo wenyewe ukahama kutoka chini ya kikapu kwenda nje ya mstari. Enzi ndiyo inayoamua kipaji gani kilipwe, na kuzaliwa ndani ya enzi inayokufaa si jasho la mtu.

Jambo jingine halisemwi kabisa. Tunawahukumu watu hawa kwa kumbukumbu ambazo hazikuwekwa. NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa, yaani bloku, msimu wa 1973-74. Russell alistaafu 1969, Chamberlain 1973. Ukifungua orodha rasmi unamkuta Hakeem Olajuwon wa Lagos juu kwa bloku 3,830, na nyuma yake Dikembe Mutombo wa Kinshasa kwa 3,289, yule wa kidole kinachosema hapana. Nawapenda wote wawili kama ndugu zangu. Lakini katika orodha hiyo, watu wawili walioufanya uzuiaji uwe silaha hawakuandikiwa hata moja. Hata ile mechi ya Machi 2, 1962 huko Hershey, Pennsylvania, Chamberlain alipofunga pointi 100 dhidi ya New York Knicks, haina video. Watazamaji walikuwa 4,124, kamera ya televisheni haikuwapo. Kwa kizazi kinachoamini kilichopita kwenye simu tu, mechi hiyo ni ngano ya bibi.

Nijibu na hili, kwa maana najua nitaulizwa: je, wachezaji wa leo hawajui mpira zaidi? Wanajua zaidi. Mtu wa akiba wa leo anatupa vizuri kuliko nyota wengi wa 1962, na dunia nzima sasa inapeleka vijana wake kule. Lakini mwanariadha wetu Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 32.16 kule Christchurch mwaka 1974, akiongoza tangu mwanzo, na rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu hadi 2022. Walioipita dunia nzima sasa ni wengi, baadhi yao wakiwa na viatu vya sponji ambavyo yeye hakuvijua. Hakuna Mtanzania mwenye akili zake anayesema Bayi alikuwa mzito. Tunauliza aliwaacha wenzake umbali gani, siku ile, kwenye njia ileile, viatu vilevile. Kwa mwanariadha tunalielewa hilo bila kufundishwa. Kwa mcheza kikapu linatoroka wapi?

Na huyo kijana ajiandae. LeBron James alimpita Kareem kwa jumla ya pointi za NBA Februari 2023, akiwa ameingia ligi na miaka 18 ilhali Kareem aliingia na 22, na Kareem katika maisha yake yote ya NBA alifunga mtupo mmoja tu wa pointi tatu. Tayari nimesikia watoto wakisema LeBron alibahatika kuzaliwa mapema.

Alipokuwa anapakwa spiriti kidevuni aliniuliza swali la mwisho: "Sasa mzee, kama namba zina mapengo na video hazipo, tumwamini nani?" Nikamwambia awaamini waliokuwa uwanjani. Mwaka 1962 tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, ilipigiwa kura na wachezaji wenyewe. Mbele yao alikuwapo Chamberlain na pointi zake 50.4. Alikuwapo Oscar Robertson na wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti 11.4, na wastani wa tarakimu mbili kwenye vyote vitatu haukurudiwa mpaka Russell Westbrook mwaka 2017. Hao mafundi bomba, waliowakaba wote watatu kwa mikono yao, walimpa kura zao Bill Russell, aliyefunga pointi 18.9 kwa mechi.