Keram Nyumbani: Sheria za Ubao na Sheria ya Poda



Shule zinapofungwa na mvua zikaanza, akina mama wanaokuja kliniki hutulalamikia jambo moja: watoto wanashinda ndani wakigombana, au wanatoroka kwenda vijiweni. Sisi huwashauri watafute ubao wa keram. Wapo wanaoshtuka. "Nesi, keram si mchezo wa wahuni?" Tunawajibu, "Mama, ubao hauna uhuni. Uhuni unaletwa na pesa zinazowekwa pembeni yake."

Keram ni mchezo wa kutoka India, na katika miji yetu ya pwani umezoeleka tangu zamani. Hauhitaji umeme wala uwanja. Babu anaweza kucheza na mjukuu wake na wote wawili wakafurahi. Mtoto anajifunza kuhesabu, kulenga, kutuliza mkono na kungoja zamu yake. Kwa maoni yetu, mchezo huu unastahili nafasi katika kila nyumba inayoweza kuupata, mradi sheria zifuatwe.

Sheria za ubao

Ubao ni wa mraba. Sehemu ya kuchezea ina upande wa sentimita 74 hivi, na kila pembe ina shimo. Kete ni 19: nyeupe 9, nyeusi 9, na nyekundu moja inayoitwa malkia. Wachezaji huwa wawili au wanne. Wakiwa wanne, wenzi hukaa wakitazamana.

Kete hupangwa katikati, malkia akiwa katikati kabisa. Mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza. Straika huwekwa kwenye mistari ya upande wako, ikigusa mistari yote miwili, nawe unaipiga kwa kidole. Kuisukuma hakuruhusiwi, wala kuinuka kitini ili ufikie mbali. Ukiingiza kete yako, unaendelea. Ukikosa, unampisha mwenzako. Straika ikitumbukia shimoni, unarudisha katikati kete yako moja uliyokwisha kuiingiza.

Malkia ana sharti lake. Ukimwingiza, ni lazima umfuatishe na kete yako, ama katika pigo hilo hilo au katika pigo linalofuata. Ukishindwa, anarudi katikati. Anayemaliza kete zake kwanza hupata pointi moja kwa kila kete ya mpinzani iliyobaki ubaoni, na pointi 3 zaidi kama malkia ni wake. Anayetangulia kufika pointi 25 ndiye mshindi.

Someni sheria hizi pamoja kabla ya kuanza. Ugomvi mwingi wa watoto hutokea kwa sababu kila mmoja amekuja na sheria zake.

Sheria isiyoandikwa ubaoni

Ili kete ziteleze vizuri, wachezaji hunyunyiza poda. Hapo ndipo sisi wauguzi tunapotaka kusema kwa sauti. Poda inayotumiwa na wengi ni asidi ya boriki, na unga huo huo hutumika kuulia mende. Ni mweupe na hauna harufu. Ukiwa kwenye kopo, hautaweza kuutofautisha kwa macho na glukosi.

Tuliwahi kumpokea mtoto wa miaka miwili akitapika na kuharisha, ngozi yake imekuwa nyekundu. Kaka zake walikuwa wamehifadhi poda ya keram katika kopo tupu la glukosi, na kopo likawekwa kwenye rafu ya jikoni. Bibi yake alichota vijiko viwili akamtilia katika uji, akidhani anampa nguvu. Mtoto alilazwa siku kadhaa, akapona. Bibi ndiye aliyechelewa kupona, maana kila alipotuona alilia. Baba wa watoto alituambia akifika nyumbani atauchoma ubao. Tulimwambia, "Baba, ubao usiuchome. Kosa lilikuwa kwenye kopo."

Kwa hiyo tunaomba wazazi mzingatie haya:

1. Nyumbani msitumie asidi ya boriki. Unga laini wa kornifulawa au wanga wa viazi, kidogo tu, unatosha.

2. Msitumie poda ya mtoto badala yake. Vumbi lake likivutwa na mtoto mchanga hudhuru mapafu.

3. Kama poda ya keram imo ndani ya nyumba, ibaki katika chombo chake chenye jina, mahali palipofungwa. Isiwekwe kamwe katika kopo la chakula au chupa ya dawa.

4. Baada ya kucheza, futeni ubao kwa kitambaa chenye unyevu, na kila mchezaji anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

5. Hesabuni kete kabla ya kuzifunga. Lazima zifike 19, mbali na straika. Kete ina upana wa sentimita 3 hivi, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni.

Mtoto akila poda, msimtapishe. Mfuteni mdomo na kumleta hospitali haraka pamoja na chombo cha poda hiyo. Mtoto akikabwa na kete, na hawezi kulia wala kukohoa, mwinamisheni kichwa kikiwa chini ya kifua, mkampige mapigo matano kati ya mabega kwa kiganja, huku mwingine akitafuta msaada. Msiingize kidole kooni bila kuona kitu, kwani mtakisukuma ndani zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kwa hatari hizi ni afadhali watoto wakae bila mchezo. Hatukubaliani nao. Jiko nalo linaunguza, lakini hatuachi kupika. Tunamfundisha mtoto namna ya kulikaribia. Mtoto asiye na mchezo nyumbani atautafuta nje, na huko hakuna mama wa kuhesabu kete.

Jioni ya leo, kabla ya kuutandika ubao, nendeni kwanza jikoni mkaangalie makopo.