Kupanga Nyumba ni Elimu, Si Anasa



Jirani yangu mmoja, mfanyakazi wa kiwanda kwa miaka mingi, alinijia jioni moja akiwa amekunja uso. Binti yake amemaliza kidato cha sita, naye amepata nafasi ya kusomea shahada ya ubunifu wa ndani ya majengo katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. "Ndugu yangu," alisema, "nimemsomesha kwa jasho langu, leo ananiambia anakwenda chuo kikuu kujifunza kutundika mapazia! Nimemwambia aikatae."

Huenda nawe ungesema hivyo hivyo. Wengi wetu tumeshika kasumba kwamba nyumba ni kuta na paa, na kwamba mpangilio wa ndani ni shughuli ya mama mwenye nyumba au anasa ya wenye fedha.

Hebu tazama chumba ulimoketi. Je, kabati halikuziba dirisha, hata ukawasha taa mchana? Je, mtoto hafanyi hesabu zake katika kivuli cha kichwa chake mwenyewe, kwa kuwa taa iko nyuma yake? Na jikoni, ni mara ngapi mama huiruka ndoo ya maji akitoka kwenye meko kwenda kuchukua chumvi? Hakuna pazia liwezalo kuponya hayo. Yanaponywa na mtu aliyejifunza njia za mwanga na hewa, tabia ya mbao, saruji na rangi, vipimo vya mwili wa binadamu, na hesabu ya gharama. Hayo ndiyo masomo yenyewe.

Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, mbunifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Vienna, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Lilikuwa dogo, upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, lakini kila kitu kiliwekwa mahali ambapo mkono ungekifikia bila kuhangaika. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yalijengwa mjini humo. Mama huyo alikiri baadaye kwamba yeye mwenyewe hakuwa mpishi. Alizichunguza kazi za jikoni na kupima muda na hatua zake, ndipo akachora. Hiyo ndiyo tofauti ya elimu na mazoea.

Wala jambo hili si geni kwetu pwani. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na Zanzibar, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Mafundi wa Lamu wakachonga zidaka ukutani, zikawa mahali pa kuwekea vyombo bila kula nafasi ya sakafu. Utauliza: ikiwa wao waliweza bila shahada, chuo kikuu cha nini? Fundi yule alijenga nyumba kama ile aliyozaliwa ndani yake, kwa vifaa alivyorithi kwa baba yake. Kijana wa leo ataitwa kupanga wodi ya hospitali, darasa, ofisi au ghorofa ambazo hajapata kuishi ndani yake. Hawezi kutegemea mazoea. Lazima ajue kupima.

Sitakudanganya, msomaji. Masomo haya yana gharama za karatasi, vifaa vya kuchorea na vya kuundia mifano, na usiku mwingi wa kukesha. Akihitimu, atakutana na wateja wanaoamini kwamba fundi seremala anatosha. Ajira haimngoji mlangoni. Mzazi ana haki ya kuyauliza hayo yote, lakini kuuliza si kukataza. Na ajue kwamba hii ni taaluma inayotambuliwa: bodi inayosajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi nchini huwasajili pia wabunifu wa ndani.

Nilimwambia jirani yangu: "Kabla hujamkatalia, mpe binti futi ya kupimia na siku moja ya mapumziko. Akipange chumba chako mwenyewe, wala asinunue kitu." Alicheka, akaenda zake bila kunijibu.

Siku chache baadaye nilipita kwake. Kabati lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Mkewe alikuwa ameketi karibu na dirisha akichagua mchele kwa mwanga wa jua, na taa imezimwa. Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi, siku ya mwisho ya kuthibitisha ile nafasi ni lini?"

Ndugu mzazi, siku hizo huwa chache. Mtoto akikuletea jina la somo usilolijua, usilipime kwa ujinga wako wala wangu. Mwambie akuonyeshe.

Tuonane Jumapili ijayo.