Uchumi Mkubwa, Kitunguu cha Jirani

Kila Wakenya na Watanzania wakivaana mitandaoni, lazima mmoja wetu atoe ile kadi: uchumi wetu ndio mkubwa Afrika Mashariki. Mtanzania anacheka Kiswahili chetu, sisi tunamtumia picha za maghorofa ya Upper Hill, kila mtu analala akijiona ameshinda.

Mimi nilikuwa bingwa wa hiyo kadi. Halafu jioni moja, mtaani kwetu Kahawa West, nikamuuliza mama mboga mbona kitunguu kimepanda bei.

"Havijavuka Namanga, mwanangu."

"Na machungwa?"

"Hayo pia ni ya kule."

Nikalipia sukuma wiki nikaenda.

Namba zetu si uongo. Pato la Mkenya ni karibu dola 2,000 kwa mwaka, la Mtanzania ni dola 1,200 hivi. Lakini hiyo ni wastani. Mwenye shamba la maua Naivasha na dada anayeyachuma wanajumlishwa, wanagawanywa, kisha wanapewa namba moja kama mapacha. Mwaka wa 2014 serikali ilibadilisha mwaka wa kulinganishia hesabu, kutoka 2001 hadi 2009, na uchumi ukanenepa kwa asilimia 25 hivi. Tukaitwa nchi ya kipato cha kati. Wewe uliamka siku hiyo ukapata sufuria yako imejaa?

Baba yangu analima mahindi Trans Nzoia. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea uchumi kumbe, aliuza mavuno yake kwa mnunuzi aliyemlipa baada ya miezi saba. Karo haikungoja miezi saba. Nikafunga virago. Mwaka huo uchumi wa Kenya ulikua, kama kawaida. Ulikua bila sisi.

Ndiyo maana ile ya Machi 2021 ilinichoma. Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda, ikisema yana sumukuvu. Sawa, sumukuvu inaua, sibishi. Lakini siku chache baadaye marufuku iliondolewa, yakabaki masharti. Tunajivuna na uchumi mkubwa, ila ugali wetu unamtegemea jirani tunayemcheka.

Mtanzania naye asishangilie haraka. Kuna wasee hapa Nairobi wanaosimulia ujamaa kama hadithi ya peponi. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na ndoto nzuri, lakini miaka ya sabini watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na mashamba yakaumia. Hata leo, kwenye tafiti za afya za 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Tanzania ni asilimia 30. Kwetu ni 18. Mahindi yapo, wanauza hadi kwetu, na bado mtoto hapati lishe ya kutosha. Kwa hiyo shamba pekee si maendeleo, kama vile ghorofa pekee si maendeleo.

Ila sisi tuna dhambi yetu ya zamani. Sera yetu ya 1965, ile ya Sessional Paper Nambari 10, ilisema pesa zipelekwe mahali zitakapozaa faida haraka: penye ardhi nzuri na mvua. Ukiwa Mandera au Turkana, wewe ngoja, faida itakufikia. Ni miaka sitini sasa. Hilo halikuletwa na ukame. Watu waliketi mezani wakaamua, na hesabu ya wastani ndiyo inayowaficha hadi leo.

Babu zetu walichezeana hivi hivi. Sisi tuliitwa manyang'au, nasi tukawacheka kwamba hawana hata cha kunyang'anyana. Mwaka wa 1977 mpaka ukafungwa, ukakaa hivyo hadi 1983. Ubishi ule haukumshibisha mtu upande wowote.

Basi mtu akikutolea ile kadi tena, usimletee namba nyingine. Muulize: mkulima alilipwa lini? Mtoto alikula nini jana? Mandera ilipata nini? Akikosa jibu, ajue kwamba huo uchumi anaojivunia si wake. Ni wa mtu mwingine, yeye anaupigia makofi tu.

Baba amepanda tena msimu huu. Mnunuzi ni yule yule.